Sensa ya ukutani ya nyaya tatu: ubora wake, usumbufu wake na tiba yake

Taa za sensa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Mwanjelwa, Mbeya, na vilevile Makambako na Iringa mjini, ziko za namna nne: floodi yenye sensa iliyoshikizwa chini yake, balbu yenye sensa ndani, taa ya sola, na sensa tupu ya ukutani inayouzwa bila taa. Hii ya mwisho haina mvuto wowote ikiwa kaunta: kichwa cheupe cha plastiki, lenzi iliyobinuka, vitufe viwili au vitatu vya kuzungusha, na nyaya tatu. Ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa nyumba yenye umeme wa TANESCO, na sababu ni ya kifundi. Taa iko kivyake na sensa iko kivyake, kwa hiyo kimoja kikifa unajua ni kipi na unabadilisha hicho tu. Floodi ya mwili mmoja ikigoma, wengi huitupa nzima.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba inasingiziwa sana. Nyingi zinazorudishwa dukani kama mbovu ni nzima kabisa. Zimefungwa mahali pabaya au zimeungwa kinyume.

Kwanza, inaona nini

Sensa hii haioni mtu, inaona joto likihama. Lenzi yake imetengenezwa kwa plastiki ya polithini inayopitisha miale ya joto. Kioo cha dirisha hakipitishi miale hiyo, kwa hiyo usiifunge ndani ukitegemea ichungulie nje. Lenzi inaigawa sehemu ya mbele kuwa vipande vipande, na nyuma yake kuna jicho dogo lenye nusu mbili. Mwili wenye joto ukitoka kipande kimoja kuingia kingine, nusu moja hupata zaidi ya nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa.

Hapo ndipo pana nusu ya malalamiko yote. Anayekatiza mbele ya sensa anavuka vipande vingi, hivyo anaonekana mapema. Anayeifuata moja kwa moja anakaa ndani ya kipande kimoja kwa hatua kadhaa, na huonekana akishakaribia. Sasa angalia nyumba zetu: geti liko mbele, njia imenyooka hadi mlangoni, na fundi anaiweka sensa juu ya mlango ikitazama geti. Mgeni anafika barazani ndipo taa inawaka, na mwenye nyumba anasema sensa ni feki. Ihamishe hadi kona ya nyumba ili njia ipite mbele yake kwa ubavu, utaona inashika mtu mbali zaidi bila kugusa kitufe chochote.

Zile mita 12 zilizoandikwa kwenye boksi zinategemea hewa pia. Usiku wa Juni na Julai, Mbeya inaposhuka chini ya nyuzi 10, ukuta na ardhi vimepoa na uso wa mtu unajitokeza waziwazi. Sensa hiyohiyo ipeleke Kyela jioni ya joto, ambapo hewa inakaribia joto la ngozi, umbali utapungua. Lakini baridi ya huku ina mtego wake: mtu aliyejifunika koti zito, kofia na shali anatoa joto kidogo kwa nje, na kinachobaki kuonekana ni uso na mikono. Ukungu nao wa Tukuyu na Mufindi hupunguza umbali, kwa kuwa maji, hata yakiwa matone madogo yaliyoganda kwenye lenzi, humeza miale ya joto. Kabla ya kumwita fundi asubuhi ya ukungu, futa lenzi kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo. Usitumie petroli wala thina, plastiki ile itafifia isirudi tena.

Kufunga

Kimo kinachofaa ni kati ya mita 1.8 na 2.5. Ukiipandisha hadi chini ya dari ya paa, mita 3.5 au zaidi, vipande vya mbali vinapita juu ya vichwa vya watu na ardhi ya karibu sensa haiioni. Taa usiiweke mahali ambapo sensa inaiona. Iwe pembeni au juu, angalau mita moja, na mwanga wake usipige lenzi. Waya uingie kwa chini, na uache mkunjo kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya kuingia ndani. Silikoni ipakwe juu na pande mbili za kitako, chini pabaki wazi. Ukiziba pande zote nne, unyevu unaoingia kwa jasho la usiku hautapata pa kutokea, na kwa mvua za huku kuanzia Desemba hadi Aprili bodi itaota kutu ya kijani msimu wa kwanza tu. Kwa ukuta unaopigwa na mvua tafuta yenye alama ya IP65. Ya IP44 inatosha pale tu ilipo chini ya baraza.

Nyaya tatu zina kazi hizi: kahawia ni laivu inayoingia, bluu ni nyutro, na mwekundu ni umeme unaotoka kwenda kwenye taa. Nyutro ya nyumba, bluu ya sensa na nyutro ya taa zote zinakutana mahali pamoja. Hapa ndipo rangi inapoponza, maana nyumba nyingi za zamani zina laivu nyekundu na nyutro nyeusi. Fundi anaona nyekundu ukutani na nyekundu kwenye sensa, anaziunga. Akiunga hivyo na kupeleka ile ya kahawia kwenye taa, sensa haipati umeme, inakaa kimya kama jiwe. Akiunganisha kahawia na nyekundu zote kwenye laivu, taa inawaka saa 24. Hakuna kilichoungua katika hali zote mbili. Panga upya tu.

Kosa la pili la kuunga ni la kuiweka sensa kwenye nafasi ya swichi. Kwenye boksi la swichi la nyumba nyingi kuna nyaya mbili tu, laivu inayoshuka na ile inayorudi kwenye taa, nyutro haipo. Sensa ya nyaya tatu haiwezi kufanya kazi hapo. Ili kukwepa kazi ya kupitisha waya mpya, baadhi ya mafundi hutafuta sensa ya nyaya mbili, na hapo shida mpya huanza: sensa hiyo hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya taa yenyewe. Balbu ya zamani ya wayawaya haikujali, lakini ya LED itafifia-fifia usiku kucha au itapepesa. Dawa ni kuifunga sensa karibu na taa, ambako nyutro ipo. Swichi ya zamani ibaki palepale kuzimia kila kitu ukitaka.

Nyumba yenye pembe mbili zisizoonana unaweza kuifungia sensa mbili kwa taa moja. Laivu kwa laivu, nyutro kwa nyutro, nyekundu mbili zikutane kwenye taa. Hakikisha tu zote zinatoka kwenye breka moja.

Kupima kabla ya kulaumu

Kipimo hiki kinafanywa mchana na hakihitaji kufungua chochote. Kitufe cha LUX (kiwango cha mwanga) kipeleke mwisho upande wa jua, TIME (muda wa kuwaka) ipeleke chini kabisa, SENS (wepesi wa kuona) iweke katikati kama ipo. Washa, kisha kaa mbali kwa dakika nzima bila kupita mbele yake. Sensa ikipata umeme huhitaji hadi sekunde 60 kujipanga, na wakati huo taa inaweza kuwaka yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kila umeme unaporudi baada ya kukatika, si ubovu. Ikizima, katiza mbele yake. Taa ikiwaka na kuzima baada ya sekunde 10 hivi, kifaa ni kizima na tatizo lako liko kwenye mpangilio au mahali ilipo.

Isipowaka, sikiliza. Ukisikia "tak" ya rilei (swichi ndogo ya ndani inayopeleka umeme kwenye taa) lakini taa haiwaki, angalia balbu, holda na waya mwekundu kwanza. Balbu ijaribu kwenye holda nyingine. Usiposikia kitu, chukua multimita iliyowekwa volti za AC: kati ya kahawia na bluu utafute karibu 230. Kisha weka kati ya nyekundu na bluu huku mwenzako akikatiza mbele. Inapaswa kuruka kutoka sifuri hadi hizo 230.

Testa ya bisibisi usiitegemee kwa kazi hii. Nyutro ikiwa imekatika mahali, testa itawaka kwenye nyaya zote mbili na utaapa kwamba umeme upo. Inakuambia kuna laivu, haikuambii kama njia ya kurudi ipo. Waya wa nje uliopita juu ya fisibodi (ubao wa ukingo wa paa) na kuoza kwenye maungio ndio mgonjwa wa kawaida, hasa palipofungwa tepu tupu bila konekta.

Taa isiyozima

Kabla ya kufikiria ubovu, angalia TIME. Muda huanza kuhesabiwa upya kila sensa inapoona kitu, kwa hiyo ukiiweka dakika 7 na una mbwa wawili uani, haitazima hadi alfajiri. Irudishe sekunde 30 hadi dakika moja. Inatosha kutoka getini, kufungua mlango na kuingia.

Ikiwa TIME iko chini na bado haizimi hata ukifunika lenzi kwa kadibodi, rilei imegandana. Balbu na floodi za LED huvuta umeme mwingi mno kwa nukta ya kwanza ya kuwaka, na cheche hiyo huchomelea vile vidole viwili vya rilei pamoja. Dalili yake ni hii: ukigonga kava taratibu kwa mpini wa bisibisi, taa inazima, kisha siku nyingine inaganda tena. Ndiyo maana sensa moja huandikwa wati 1200 kwa balbu za wayawaya lakini 300 tu kwa LED. Sisi tungeshauri ubaki chini ya 100 kwa sensa za bei ya kawaida. Rilei inabadilishika kwa fundi redio yeyote mwenye chuma cha kuchomelea risasi. Asome volti zilizoandikwa mgongoni mwake, mara nyingi 24 na nyingine 12, aweke ileile.

Zipo pia floodi za mwili mmoja zenye hali ya kuwaka moja kwa moja: ukizima na kuwasha swichi haraka, zinaacha kutii sensa. Umeme ukipepesa jioni, zinadhani ni wewe. Izime kwenye swichi kwa dakika moja au mbili, washa tena.

Inayowaka hovyo

Migomba. Rungwe yote na maeneo ya Uyole, jani pana la mgomba linalopigwa na upepo mbele ya ukuta uliopata jua mchana ni joto linalohama, na sensa inatimiza wajibu wake. Kata majani yaliyo ndani ya mita 3 au igeuze. Geti la bati linalopoa baada ya magharibi, nguo kwenye kamba na jiko la mkaa linalopulizwa na upepo barazani hufanya vilevile. Kwa waliojenga kando ya barabara ya TANZAM, iwe Iyunga, Uyole au Mlowo, lori ni bonge la joto na linaonekana mbali kuliko mtu. Kupunguza SENS hakutoshi. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya sehemu ya lenzi inayotazama barabarani. Anza na upana wa sentimita moja, jaribu, ongeza. Sehemu ya juu ya lenzi ndiyo inayotazama mbali, ya chini inatazama karibu.

Utando wa buibui ukitikisika sentimita chache kutoka kwenye lenzi unatosha kuwasha taa usiku kucha. Mwanga huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui na mijusi, na wote hupenda kukaa palepale. Fagio laini mara moja kwa mwezi ni matengenezo tosha.

Ikiwa inawaka, inazima, inawaka tena kwa mpigo ule ule bila mtu yeyote, taa yenyewe ndiyo inayoichezea: ikizima, joto lake linashuka mbele ya lenzi, sensa inaona badiliko, inaiwasha. Sogeza taa.

Inayogoma usiku tu

Mchana ulipima ikawaka, ukarudisha LUX kuelekea kwenye mwezi, usiku haiwaki: kuna mwanga unaiangukia. Taa ya mtaani, floodi ya jirani, au balbu yako ya baraza. Sensa inadhani bado ni mchana. Peleka LUX upande wa jua kidogokidogo hadi itii, au igeuze. Kinyume chake, ikiwaka saa tisa alasiri wakati mawingu yametanda, LUX iko juu mno, irudishe kuelekea kwenye mwezi.

Halafu kuna ile inayotoa "tik-tik-tik" dhaifu na taa inapepesa. Kama ni jioni na balbu za nyumba nzima zimefifia, ni umeme mdogo, jambo la kawaida mwishoni mwa laini ndefu vijijini. Sensa haina transfoma. Inashusha volti kwa kapasita, na volti za laini zikishuka, nguvu ya rilei inashuka nazo. Kama umeme uko sawa na bado inatikatika, kapasita yenyewe imechoka. Ni ile ya mraba, mara nyingi ya njano au bluu, yenye maandishi 275V na X2. Namba 334 ni maikrofaradi 0.33, 474 ni 0.47, 684 ni 0.68. Ikipimwa na kukutwa imepungua kwa asilimia 20 au zaidi, badilisha kwa ya thamani ileile na ya aina ya X2; kapasita ya kawaida ya redio haikutengenezwa kukaa moja kwa moja kwenye laini na inaweza kuwaka moto. Zima kwenye breka, si kwenye swichi tu, na usiguse bodi kwa dakika chache baada ya kuzima. Hakuna sehemu ya bodi hiyo iliyotengwa na laivu, kwa hiyo usiipime ikiwa wazi mkononi. Kama kazi inahitaji waya mpya kutoka kwenye bodi ya nyumba, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Hizo nyingine tatu

Floodi yenye sensa inafaa kwa yadi kubwa na karakana, ukikubali kwamba sensa yake ndogo huwa karibu mno na taa. Balbu yenye sensa ndani ni ya korido, stoo na choo. Nyingi hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 5.8 badala ya joto, na mawimbi hayo hupenya mlango wa mbao na ukuta mwembamba. Nje, mvua na matawi vinaiwasha.

Ya sola ndiyo inayotudanganya kwa maandishi. Paneli ya sentimita 10 kwa 10, jua likiwa kali kabisa, hutoa kama wati 1.8. Betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye mAh 1200 ina wati-saa 4.4; taa iliyoandikwa 100W, kama kweli ingevuta wati 100, ingeimaliza kwa chini ya dakika tatu. Soma ukubwa wa paneli na betri, uachane na wati za kwenye boksi. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, paneli ielekezwe kaskazini na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15, maana Juni jua linapita upande huo; ukutani upande wa kusini itakufa njaa Juni na Julai. Isipodumu, fungua, pima betri: ile ya 3.7 imejaa ikiwa volti 4.2, na iliyoshuka chini ya 2.5 mara nyingi haipokei chaji tena. Angalia kama imeandikwa 3.7 au 3.2 kabla ya kununua mbadala, hizo mbili hazibadilishani. Kwa shamba lisilo na nguzo, sawa. Kwa geti la mjini, hapana.

Kuhusu LUKU, tuseme ukweli. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti 3.2 kwa mwezi. Kwa sensa, ikiwaka jumla ya saa moja kwa usiku, ni uniti 0.27, ongeza kama 0.36 ya sensa yenyewe inayokaa macho mchana na usiku. Umeokoa uniti mbili na nusu, basi. Mwenye floodi ya wati 50 ndiye anayeokoa kweli, kwa kuwa ile ikikesha inameza uniti 18. Kwa balbu ndogo, nunua sensa kwa ajili ya usalama.

Ukiwa dukani, mwombe muuzaji aiunge na balbu hapo kaunta, LUX kwenye jua na TIME chini. Subiri izime yenyewe, ifunike kwa boksi lake, funua, pitisha mkono. Irudie mara tano. Itikise sikioni, kisiwe kitu kinachogongagonga ndani. Kisha zungusha vitufe vyote mwanzo hadi mwisho, maana kwenye zile za bei ya chini kabisa kitufe huzunguka bila kushika chochote.